Dookie ya Green Day: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukikaa na mashabiki wa pop panki, yaani roki ya kasi yenye melodia za kuimbika, hazipiti dakika kumi kabla ya mtu kuitaja Dookie, na baada yake huja ubishi. Albamu hii ya Green Day, bendi ya Marekani, ilitoka tarehe 1 Februari 1994, wanabendi wote watatu wakiwa na miaka 21: Billie Joe Armstrong kwenye gitaa na sauti, Mike Dirnt kwenye besi, Tré Cool kwenye drams. Mengi yanayosimuliwa juu yake yana chembe ya ukweli ndani, na ndiyo maana hayafi.

Dhana: Hii ndiyo albamu yao ya kwanza.

Ni ya tatu. Walishatoa 39/Smooth mwaka 1990, kisha Kerplunk, zote chini ya Lookout, lebo (kampuni ya kurekodi muziki) ndogo ya huko huko kwao California. Kwenye ile ya kwanza Tré Cool hakuwemo kabisa. Aliyepiga drams ni John Kiffmeyer.

Dhana: Kampuni kubwa iliwaokota ikawapika upya, nao wakauza roho.

Hapa pana hasira ya kweli, kwa hiyo twende taratibu. Green Day walikulia kwenye ukumbi wa 924 Gilman Street, Berkeley, unaoendeshwa na watu wa kujitolea na wenye masharti yake: pombe marufuku, ngumi marufuku, ubaguzi marufuku. Sharti jingine lilisema bendi yenye mkataba na lebo kubwa haipandi jukwaani. Walipotia saini na Reprise, tawi la Warner, mwaka 1993, mlango wa nyumbani ukafungwa. Hawakurudi kupiga pale hadi 2015, kwenye shoo ya kuwachangia waliounguliwa na moto. Na chuki ya wakati ule haikuwa ya maneno tu: Mei 1994 Jello Biafra, mkongwe wa panki ambaye maisha yake yote alikuwa nje ya lebo kubwa, alishambuliwa humo humo Gilman na watu waliomwita msaliti, akavunjwa mguu. Mtu anapigwa kwa kosa ambalo hakulitenda! Ndivyo hali ilivyokuwa.

Sasa, je, walipikwa? Nyimbo waliingia nazo studio zikiwa zimeshaandikwa. Welcome to Paradise ilikuwa tayari kwenye Kerplunk, wakairekodi tena. Sikiliza matoleo yote mawili mfululizo. Mwendo ni ule ule, melodia ni ile ile, maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni sauti: gitaa limenenepa, drams zinagonga kifuani, na besi inasikika kila noti. Hiyo ni kazi ya prodyuza Rob Cavallo na ya Jerry Finn aliyefanya miksi. Pesa ya Reprise ilinunua studio nzuri na usambazaji. Tungo ilizikuta.

Lipo na jambo ambalo wenye kelele za "wamejiuza" hulisahau. Albamu mbili za mwanzo walizibakiza Lookout, na baada ya Dookie kulipuka, mashabiki wapya wakazitafuta na hizo pia. Lebo ndogo ikala jasho hilo kwa miaka. Walikuja kuziondoa mwaka 2005, kwa sababu malipo yao yalikuwa hayafiki.

Dhana: Kodi tatu za gitaa tu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), hata mtoto angepiga.

Anayesema hivi hajawahi kujaribu. Chukua wimbo wa Basket Case. Nyuzi zimelegezwa nusu toni, na ubeti unapita kwenye kodi tano tofauti, kwa mfuatano unaofanana sana na ule wa Kanoni ya Johann Pachelbel, Mjerumani wa karne ya 17. Mwanzoni unasikia sauti ya Armstrong na gitaa peke yake, nyuzi zikiwa zimezibwa kwa kiganja ili zisivume. Wenzake wamenyamaza. Wanapoingia, wimbo unapanuka ghafla, ingawa mwendo haujaongezeka hata kidogo. Huo ni mpango wa mtu anayejua anachofanya.

Kwenye Longview mambo ni kinyume: beti zinabebwa na besi na tomu, zile ngoma za sauti nzito kwenye drams, gitaa linasubiri kiitikio. Bendi ya panki inayomwambia mpiga gitaa wake atulie ina nidhamu kuliko sifa zake. Na anayemdharau Tré Cool aanze na Burnout, wimbo wa kwanza kabisa, asikilize zile sehemu ambazo wenzake wanakata na kumwachia nafasi.

Walirekodi Fantasy Studios, Berkeley, kwa takribani wiki tatu. Watu huutaja muda huo kama ushahidi wa kulipua kazi. Mimi nauona kama ushahidi wa mazoezi: wiki tatu zinatosha pale tu ambapo hakuna anayekuja studio kujifunza wimbo.

Dhana: Ni utani wa vijana wavivu.

Utani upo, tena mwingi, na jina la albamu lenyewe ni la chooni. Lakini Basket Case inahusu mashambulizi ya hofu aliyokuwa nayo Armstrong, wakati ambapo hakujua kinachomsumbua na alidhani anarukwa na akili. Coming Clean ni kijana anayejikubali kuhusu watu anaowapenda, jambo ambalo Armstrong, ambaye anavutiwa na wanaume na wanawake, alilisema hadharani mwaka 1995. Kwa bendi ya redioni wakati ule, huo haukuwa mchezo.

Dhana: Ilishika namba moja Marekani.

Haijawahi. Iliingia kwenye Billboard, chati ya mauzo ya albamu Marekani, nje ya mia ya mwanzo, ikapanda polepole, ikaishia namba 2. Mwaka 1995 ilipata Grammy ya muziki wa alternative, na mwaka 2024 RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, ilithibitisha nakala milioni 20 Marekani pekee. Namba moja zipo zilizosahaulika wiki iliyofuata.

Dhana: Matope ya tamasha la Woodstock ndiyo yaliyowatoa.

Yaliwaongezea, hakuna ubishi. Lakini walipopanda jukwaa la Saugerties, New York, tarehe 14 Agosti 1994, MTV ilikuwa imeshairusha Longview kwa miezi; video yenyewe ilipigwa kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi Berkeley. Watu wakaanza kurusha matope, bendi ikajibu mapigo, mashabiki wakaparamia jukwaa. Husemwa pia kwamba shabiki mmoja ndiye aliyemng'oa Dirnt meno. Aliyemwangusha ni mlinzi: katika uchafu ule alimwona kijana aliyejaa matope jukwaani, akadhani ni mvamizi.