Kihamba Si Kitanda cha Kupumzikia

Juzi kanipigia mstaafu mwingine kutoka Dar. "Bwana shamba, mji umenichosha. Nataka maisha mepesi. Narudi Moshi, nikatulie kihambani na migomba yangu." Kihamba ni shamba la Wachagga mlimani Kilimanjaro, migomba na kahawa kuzunguka nyumba. Mzee huyo ni wa nne tangu Krismasi, na wote neno ni lile lile: kutulia. Nikamuuliza, mzee, na ng'ombe je? Akasema atanunua wawili. Nikacheka. Akanuna.

Jamani! Ng'ombe wa kihambani hachungwi, analishwa bandani, na majani hayaji yenyewe. Wapo akina mama wanaoyafuata tambarare, wakayakata na kuyapandisha mlimani kichwani. Alfajiri ng'ombe keshaanza kulia, wala hana habari kwamba umestaafu. Kahawa niipitie haraka: ukipanda leo, subiri kama miaka mitatu, na zile nyekundu ukizichuma uzimenye siku hiyo hiyo. Watu hawaoni haya yote kwa sababu wanakuja Desemba, wanakaa kwenye kivuli cha mruka na mringaringa na chupa ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wanaona msitu. Kila mti pale una kazi na mwenyewe.

Ila kinachonitoa machozi ni migomba. Kwenye shina moja tunaacha mitatu: mama mwenye mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu. Machipukizi mengine yote yang'olewe. Mstaafu hawezi. Mwaka juzi Kibosho nilimkuta mmoja ana kumi na moja kwenye shina moja, na kila nikigusa moja ananishika mkono: "Hili nalo zuri, liache." Huyo huyo alijisifu kwamba ameacha vitu mjini, kauza gari la pili, kagawa suti, sofa kampa dereva. Kumbe ulimbikizaji ulipanda naye basi, ukashukia kwenye migomba. Ndizi zake zilikuwa kama vidole vya mtoto mchanga.

Jirani yake, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa ng'ambo ya ua wa masale akitusikiliza. Akavuka na panga lake. "Baba, hawa wote watakula nini?" Akainama, akaanza kuchagua. Chipukizi lenye majani membamba kama upanga akaliacha. Lenye majani mapana, lile la kupendeza ambalo mstaafu alilitetea kuliko yote, akalikata la kwanza. Hakukosea: hayo ya majani mapana yamejishika kwa mama kidogo sana, hayana nguvu, yanajionyesha tu. Kisha akatazama upande wenye nafasi, akamwacha mjukuu wa huko. Dakika tano hazikufika. Mimi nina cheti cha kilimo, na ningechukua nusu saa nikizunguka lile shina.

Sasa nikiri jambo. Bibi yule anacheka kutwa, na kwa miaka mingi nimemtumia kama mfano wangu wa mtu aliyetosheka na kidogo. Lakini sina hakika kicheko kinatoka kihambani. Kila mwisho wa mwezi mwanawe anamtumia hela kwenye simu, na kihamba chenyewe kimegawiwa vizazi vitatu, nusu eka hakifiki. Kwa kahawa peke yake angelala njaa. Mafunzoni tuliambiwa kihamba kinalisha kaya. Kaya ya watu wangapi, hakuna aliyetuambia. Wala mimi siishi hivyo: nimepanga Soweto, hapa Moshi mjini, na nina droo nzima ya chaja za simu ambazo sijui hata ni za simu ipi.

Jana mzee wa Dar kapiga tena. Amepunguza, sasa ng'ombe mmoja. Nikamwambia aje kwanza wiki moja kwa shemeji yake, majani akate mwenyewe. Akafikiri kidogo.

"Na mavi yake anazoa nani?"

"Wewe, mzee."

"Hata Jumapili?"