Mlangoni Hakuna Anayeuliza Cheti

Wiki iliyopita shangazi yangu wa Tanga alinitumia klipu. Ni ileile ambayo imeshanifikia mara sita au saba kutoka kwa watu tofauti, ila safari hii ilikuja na ujumbe wa sauti chini yake: "Mwanangu, wewe si ndiyo kazi yako hiyo? Hivi kweli huko Uingereza mwanamume akiamka asubuhi akasema leo mimi mwanamke, serikali inaandika mwanamke? Na huko magerezani na vyooni inakuwaje?"

Shikamoo shangazi. Jibu ni hapana. Haijawahi kuwa hivyo hata siku moja, hata Uskoti ambako walijaribu kidogo. Na kabla wengine hawajashangilia, ule ujumbe wa pili unaozunguka, kwamba mwaka 2025 Mahakama ya Juu "imewafuta" watu transjenda (wanaojitambulisha kwa jinsia tofauti na ya kuzaliwa), nao ni uongo, tena mtoto wa baba mmoja na ule wa kwanza.

Mimi nafanya kesi za kazi na ubaguzi huku Uingereza. Kama mtu anaweza au hawezi kubadili jinsia, waulizeni mashehe, mapadri, madaktari na nafsi zenu. Mimi nalijua karatasi, basi tuzungumze karatasi.

Karatasi lenyewe ni cheti cha kutambuliwa jinsia. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kule Strasbourg, iliibwaga Uingereza Julai 2002 katika kesi ya Goodwin, mwanamke transjenda aliyetaka kutambuliwa kisheria, Bunge likatunga sheria mwaka 2004. Ukikitaka uwe na miaka 18, ripoti mbili za kitabibu, ushahidi kwamba umeishi miaka miwili katika jinsia unayoidai, na tamko la kiapo kwamba utabaki humo mpaka kufa. Faili linakwenda kwa jopo la wanasheria na madaktari ambao kwa kawaida hata sura yako hawaioni. Upasuaji hautakiwi, kila nikilisema hili semina kuna mtu anadondosha kalamu. Ada ilikuwa pauni 140, mwaka 2021 ikashushwa hadi pauni 5. Na waliokipata kwa miaka ishirini ya mwanzo ni 8,000 na kidogo, nchi nzima.

Kujitambulisha kwa tamko ni kumwondoa daktari na kuliondoa jopo, kikabaki kiapo chako. Zipo nchi zilizofanya hivyo: Argentina 2012, Denmark 2014, Ireland 2015, Ujerumani Novemba 2024, na nyingine. Kwa hiyo klipu ingesema Dublin ningekuwa na kazi kubwa zaidi ya kuijibu, ingawa hata Dublin huamki tu: unaapa, na kuapa uongo ni jinai.

Uskoti ilitaka kufuata njia hiyo. Muswada ulipita Desemba 22, 2022, kura 86 kwa 39: umri ushuke hadi 16, daktari aondoke, miaka miwili iwe miezi mitatu pamoja na miezi mitatu ya kujitafakari, na mwenye tamko la uongo afungwe hadi miaka miwili. Januari 2023 serikali ya London ikauzuia kwa kifungu cha 35 cha sheria ya mwaka 1998 iliyoipa Uskoti bunge lake, kifungu ambacho kilikuwa hakijawahi kuguswa. Mahakama ya Edinburgh ikasema London haikukosea, Uskoti ikaacha kukata rufaa. Mwisho wa habari.

"Lakini yule mfungwa je?" Najua. Mwezi huohuo wa Januari 2023 mfungwa transjenda aliyetiwa hatiani kwa kuwabaka wanawake wawili kabla hajabadili jinsia alipelekwa kwanza gereza la wanawake, kelele zikawa kelele, akahamishiwa la wanaume. Watu wakasema, mnaona sasa matunda ya muswada? Muswada haukuwa umeanza kutumika, na haukuanza. Aliyempeleka pale ni sera ya ndani ya magereza ya Uskoti, iliyokuwapo tangu 2014, ambayo hakuna mbunge aliyeipigia kura.

Hapa ndipo presha inaponipanda, mnivumilie.

Hakuna choo, duka la nguo wala bwawa la kuogelea Uingereza ambako mtu amesimama mlangoni anakagua cheti cha mwaka 2004. Hakuna na haitatokea, maana sheria hiyohiyo inamfanya mhalifu ofisa anayetoboa siri ya mwenye cheti aliyoipata kazini. Leseni ya udereva unaweza kubadilishiwa bila cheti. Pasipoti inataka barua ya daktari. Jina unabadili kwa hati, hata kama unataka kuitwa Simba. Kwa maana hiyo kujitambulisha kulishakuwapo zamani, kwa mazoea: katika vitabu vya kanuni vya waajiri, katika vibao vya vyumba vya kujaribia nguo, katika adabu ya mhudumu wa mapokezi asiyetaka ugomvi. Kambi zote mbili zimetoana roho kwa ajili ya cheti, wakati jambo wanaloligombania halikuwa ndani ya cheti. Ni kama ukoo kugombania kadi za harusi wiki nzima, halafu mnafika ukumbini hakuna mtu mlangoni.

Sisemi kwamba hofu za wanawake wanaopinga kujitambulisha kwa tamko ni za kubuni. Hoja yao, ukiisikiliza kwa mwenye kuieleza vizuri, haisemi kwamba kila mwanamke transjenda (aliyezaliwa wa kiume) ni mbaya. Inasema kwamba kipimo kikiwa neno la mtu peke yake, hakiwezi kumtenganisha mkweli na mwovu, na anayelipia kosa ni mwanamke aliyekimbilia makazi ya waliopigwa akiwa hana pengine pa kwenda. Na wanaounga mkono nao wana jibu lisilo la kipuuzi: mwovu hajawahi kungoja cheti ili aingie anapotaka, na foleni ya kliniki za jinsia huku inaumiza watu ambao hawajamdhuru yeyote. Mashirika ya wanawake ya Uskoti yenyewe yaligawanyika. Hata wataalamu wa Umoja wa Mataifa: Reem Alsalem, wa masuala ya ukatili dhidi ya wanawake, aliuonyeshea wasiwasi muswada, Victor Madrigal-Borloz, wakati huo wa masuala ya mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa jinsia, aliuunga mkono. Nyumba moja, barua mbili. Anayekwambia "wanawake wanataka hivi" muulize wanawake gani.

Turudi kwenye karatasi, maana kuna sentensi moja ya mwaka 2004 iliyonilisha mimi na wanangu. Inasema ukipata cheti, jinsia yako inakuwa ile mpya "kwa makusudi yote". Kwa makusudi yote! Kisha kurasa chache mbele zinaanza isipokuwa. Isipokuwa uzazi: aliyekuwa mama wa mtoto atabaki mama. Isipokuwa, na hapa nacheka kila mara, vyeo vya kimwinyi na kibwana: binti wa kabaila hawezi kupata cheti cha uanaume akamwahi mdogo wake kwenye ulodi. Mabwana walijilinda mapema. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ilimwambia mwanamume transjenda (aliyezaliwa wa kike) mwenye cheti, aliyebeba mimba na kujifungua, kwamba kwenye cheti cha mtoto ataandikwa "mama". Kwa makusudi yote, kasoro hayo.

Sentensi hiyo ina balaa la pili, na Mswahili analiona haraka kuliko Mwingereza. Inaanza na jinsia na kumalizia na jinsi, kana kwamba ni kitu kimoja. Kwetu Tanzania, kwenye semina, mwezeshaji huandika ubaoni: jinsi ni maumbile, jinsia ni ya kijamii. Mkitoka nje kunywa chai wote mnasema jinsia kwa yote mawili, na fomu ya ofisini nayo inauliza "Jinsia: Me/Ke". Sidhani kama kuna mwenye haki ya kumcheka mwenzake hapa. Mwaka 2021 nilimsaidia mama mmoja wa Bukavu kujaza sensa ya England na Wales kwa simu, mezani kwake, sufuria la maharage likichemka nyuma yetu. Swali likaja, kwa Kiingereza cha kuzunguka: je, jinsia unayojitambulisha nayo ni sawa na jinsi uliyoandikishwa ulipozaliwa? Nikamtafsiria mara mbili. Akanitazama. "Sawa na ya nani?" Nikabonyeza "ndiyo" kwa niaba yake, lakini nilijua kuna meza nyingine jijini ambako kidole kimebonyeza "hapana". Sensa ilihesabu watu 262,000 waliosema si sawa, na katika maeneo yaliyoongoza yakawemo Newham na Brent za London, yenye wahamiaji kibao wasio na Kiingereza cha nyumbani. Mwaka 2024 ofisi ya takwimu ikakubali kuzivua takwimu hizo hadhi ya takwimu zilizothibitishwa ubora. Tangu zilipotangazwa kila mtu alizitumia kumpigia mwenzake.

Sasa Mahakama ya Juu. Watu hawaamini kesi ile ilianza na nini. Viti vya bodi! Uskoti ilitunga sheria mwaka 2018 ili nusu ya wajumbe wasio watendaji wa bodi za umma wawe wanawake, ikaelekeza kwamba mwenye cheti cha uanamke anahesabiwa. Kikundi cha For Women Scotland kikaenda mahakamani. Aprili 16, 2025, majaji watano kwa kauli moja walisema: katika Sheria ya Usawa ya 2010, "mwanamke", "mwanamume" na "jinsi" ni za kibaiolojia, na cheti hakibadili hilo.

Sababu iliyonishika mimi ni mimba. Sheria ya 2010 inamlinda "mwanamke" mjamzito. Kama jinsi inafuata cheti, basi mwanamume transjenda mwenye cheti akishika mimba anatoka kwenye ulinzi kwa sababu sheria inamwita mwanamume. Na tungekuwa na wanawake transjenda wa aina mbili, wenye cheti na wasio nacho, wasiotofautishika kwa macho, na kuuliza ni mwiko. Niliwahi kubishana na hoja hii mbele ya mwalimu wangu. Sikuweza kuishinda, na bado siwezi.

Lakini mahakama haikumfuta mtu. Sheria ya 2010 ina ulinzi mwingine kabisa, wa kubadili jinsia, usiotaka cheti wala daktari. Ukimfukuza mtu kazi kwa sababu ameanza safari hiyo, tutaonana. Na mwanamke transjenda anayenyimwa kazi kwa sababu mwajiri alidhani ni mwanamke, anashitaki kwa ubaguzi wa jinsi vilevile, kwa kudhaniwa. Jaji Lord Hodge alipoisoma hukumu aliwaonya watu wasiichukue kuwa ushindi wa kundi moja dhidi ya jingine. Dakika tano baadaye nje kulikuwa na shampeni.

Hukumu ina kurasa 88. Niliisoma kwenye simu, nimeegesha gari nje ya duka, maziwa yakichacha kwenye buti. Nilipofika katikati nikakumbuka hosteli moja ya wanawake niliyoishauri mwaka 2023 kinyume chake. Ndivyo sheria ilivyokuwa imetafsiriwa wakati ule, sikukosea kwa ujinga, lakini meneja aliwaandikia kanuni wahudumu wake kwa maneno yangu. Nikampigia mwenyewe. Alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo bili ya ile mara ya kwanza utanirudishia?"

Na kuna aya inayonisumbua mpaka leo. Mahakama ilisema mwanamume transjenda, aliyezaliwa wa kike lakini sasa ana ndevu na sauti nzito, anaweza naye kuzuiwa sehemu za wanawake, kama sura yake itawashtua waliomo. Kisheria naielewa njia waliyopita. Kivitendo, nina mteja mwenye ofisi ya watu kumi na moja ananiuliza huyu mtu akajisaidie wapi, na jibu langu la uaminifu lina urefu wa sekunde kumi za kimya. Sheria ya 2010 inataka kumzuia mtu kulingane na lengo halali, na "kulingana" ni neno ambalo mawakili wawili wazuri watalivuta kila mmoja upande wake mpaka pesa za mteja ziishe.

Kwa ofisi ndogo huwa nawakimbiza kwenye kanuni za mahali pa kazi za 1992, ambazo hakuna anayezisambaza WhatsApp. Zinataka vyoo vya wanaume na wanawake vitengwe, isipokuwa kila choo kiwe ndani ya chumba chake chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Yaani choo cha uani kwa shangazi, Ngamiani, na komeo lake. Tumekitumia wapangaji, wajukuu, fundi wa dari na wageni wa maulidi, na sikumbuki kesi. Kwa vyumba vya wagonjwa, magereza na makazi ya waliobakwa komeo halitoshi, na sitajifanya linatosha.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya hujibiwa kwa njia nyingine. Nairobi, mwaka 2014, Mahakama Kuu ililiamuru Baraza la Mitihani kubadili jina kwenye cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, cha Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, na kuiondoa alama ya jinsia. Haikuandikwa alama nyingine mahali pake. Iliondolewa tu, kwa kuwa cheti cha mtihani kinaweza kuishi bila hiyo. Ningependa kuuliza hivyo kuhusu nusu ya fomu ninazojaza.

Haya yote nilimweleza shangazi kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili, nikijua hatausikiliza wote. Asubuhi nikakuta jibu lake.

"Nimekusikia mwanangu, na hilo la mabwana kulinda vyeo vyao nimecheka. Sasa yule aliyeshika mimba, alijifungua salama?"