Kujipaka si kutolika

Juzi gatini Mokowe nilimsikia tena. Kijana wa mashine ya kuchimba, mikono misafi kuliko yangu, anamwambia mwenzake: "Hizi bushi zinajilainisha zenyewe. Ukishazifunga, sahau. Hazitaki kitu, wala haziliki." Mwezi huu ni mara ya tatu kuisikia kauli hiyo, na mara mbili za kwanza ilitoka kwa watu wanaouza vipuri.

Niimalize tafsiri upesi. Bushi ni bomba fupi linalokaa kati ya pini na tundu lake, visilane chuma kwa chuma. Ya kujilainisha ni ile ambayo kilainishi kimo ndani ya mwili wake tangu kiwandani. Ikiwa ya kompositi, basi ni nyuzi zilizofumwa na kugandishwa kwa resini, gundi inayokauka ikawa ngumu, zikachanganywa na PTFE, ile plastiki itelezayo iliyogunduliwa Marekani mwaka 1938, au na grafiti. PTFE peke yake ni laini mno, ukiiwekea mzigo hutambaa ikaondoka mahali pake. Kwa hiyo nyuzi na resini ndizo zibebazo, nayo kazi yake ni kutelezesha. Utazikuta kwenye pini za kreni, kwenye malango ya maji ya mabwawa ya umeme, na kwenye usukani wa meli kubwa. Huko kote mzigo ni mzito na mwendo ni wa polepole, mara mbele mara nyuma. Shafti inayozunguka kasi huvuta mafuta yakaingia chini yake ikaelea juu yake, lakini pini inayokwenda robo mzunguko na kurudi haiwezi. Mafuta hukamuliwa yakatoka, na chuma kikabaki na chuma.

Sasa neno lenyewe, maana hapo ndipo panaponiwasha.

Sisi watu wa Lamu hatuna udhuru wa kulikosea. Tuna deheni. Kila aliyepita Matondoni chombo kikiwa kimepandishwa pwani anaijua: shahamu na chokaa, hupakwa sehemu ya chini inayokaa majini. Neno limetoka kwenye Kiarabu, kwenye jamii ya maneno ya mafuta na kupaka. Na deheni ina tabia moja: hutoka nje. Mtu huja na mkono wake na chombo hupakwa. Ikimalizika, hupakwa tena, na mbao haikupungua kitu. Grisi ya mashine ni deheni tu iliyobadilisha jina.

Kisha tazama ile -ji- ndogo. Anayenyolewa amekaa kwenye kiti cha kinyozi. Anayejinyoa kashika wembe mwenyewe. Mtenda na mtendwa ni mmoja. Basi bushi inayojipaka inajipaka nini, na imekipata wapi? Hakuna aliyeiletea. Imejitoa.

Si fumbo, ndivyo inavyofanya kazi. Pini ikianza kwenda, chembe za PTFE hubanduka kwenye bushi, zikajaza mikwaruzo midogo ya pini, zikafanya utando juu yake. Tangu hapo plastiki inateleza juu ya plastiki, na mguso unakuwa mwepesi. Utando ukichubuka mahali, bushi hutoa chembe nyingine. Yaani *kulika ndiko kujipaka kwenyewe*. Bushi isiyolika hata kidogo haijajipaka bado. Anayesema "inajilainisha, kwa hiyo hailiki" amekata tawi alilokalia.

Na akiba si kubwa. Kuna bushi za tabaka tatu, chuma nyuma, bronzi yenye vinyweleo katikati, PTFE juu, na hilo tabaka la juu ni jembamba kuliko unywele wa kichwa.

Jambo lenyewe si geni kama wauzaji wanavyotaka tuamini. Meli za mvuke zilipoanza kutumia rafadha, bushi za shaba zilizoshika shafti yake kule nyuma ya meli zilikuwa zikilika haraka mno. Mwingereza John Penn akapata hataza mwaka 1854 ya kuweka humo vipande vya mti wa visiwa vya Karibi, lignum vitae, mzito hata ukiutia majini unazama, na wenye utomvu wake wa mafuta ndani. Nalo neno bushi, kwa anayependa kufukua, Waingereza walilichukua kwa Waholanzi likiwa na maana ya kisanduku, na ukilifuata nyuma mpaka Ugiriki unafika kwenye kisanduku cha mbao. Sina haja ya kulifanya hilo kuwa hoja, ila nilipolijua nilicheka peke yangu.

Nami sijatakasika. Bushi zangu za kwanza za namna hii nilizipaka grisi kwa mapenzi, kama mtoto anayepelekwa madrasa siku ya Idi. Grisi ikanasa mchanga, ukawa msasa, na utando haukupata hata kushika. Na hewa yetu ya chumvi ina lake: pini ikipata kutu huwa tupa, ikaikwangua bushi kutoka ndani. Ndiyo maana pini ya chuma cha pua, au iliyopakwa kromu ikang'arishwa, ina faida kuliko debe zima la grisi.

Kwa hiyo, mwanangu wa Mokowe, sikukatazi kuzisifu. Ni nzuri kweli. Sema tu *haipakwi*, hapo uko sawa. Ila lile "sahau" liondoe, na kila ukiosha mashine itikise ile pini uone inacheza kiasi gani.