Mafuta tete: kwa nini kuchuma na kuanika huamua harufu ya kiungo

Mafuta tete ni mafuta ya mmea yanayonukia na kuruka hewani yenyewe. Dondosha tone la mafuta ya nazi kwenye karatasi, litaacha doa la kudumu. Dondosha la mchaichai, baada ya muda doa limefifia na chumba kizima kinanukia. Maana yake, harufu ya kiungo inapokufikia puani, sehemu ya mafuta imeshaondoka. Mchumaji na mwanikaji wana kazi ya kuyazuia yasitoke kabla ya wakati wake.

Hakuna kanuni moja ya kuyazuia, kwa sababu kila mmea una mahali pake pa kuyaweka. Mrehani huyabeba kwenye vijifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani. Ukilipitisha baina ya vidole tu, vinapasuka. Karafuu huyaweka ndani ya mwili wake, chini ya ganda. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya jua limfae mkulima wa karafuu na kumharibia wa mrehani.

Tuanze na karafuu, kama zinavyochumwa Unguja na Pemba. Kinachochumwa ni ua ambalo halijafunguka. Likiwa changa, mafuta hayajajaa. Likishafunguka na kuangusha kichwa, ubora umeshuka. Wakati wake ni pale linapojaa na ukijani kuanza kugeuka wekundu. Shida ni kwamba maua ya kikonyo kimoja hayapevuki pamoja wala mti mzima hauivi kwa siku moja, kwa hiyo mchumaji makini huurudia mkarafuu uleule zaidi ya mara moja kwa msimu. Anayevunja matawi ili amalize haraka huchanganya machanga na mapevu, na anaujeruhi mti utakaomlisha miaka ijayo. Hilo linaniuma kuliona.

Zikishashuka mtini, huchambuliwa mapema, karafuu upande huu na makonyo, yaani vikonyo vilivyoshika maua, upande ule. Makonyo hayatupwi. Yana mafuta kiasi cha asilimia 5 au 6, na Pemba kuna kiwanda kinachoyatoa kwa mvuke. Karafuu yenyewe ikiwa kavu huwa na asilimia 15 hadi 20, kiwango ambacho viungo vichache sana hukifikia.

Kisha huanikwa juani, juu ya majamvi au sakafu safi. Mbona mafuta hayapotei? Sehemu yake kubwa ni yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, ambayo huchemka kwenye nyuzi 254 hivi za Selsiasi. Jua kali la siku 4 au 5 linaondoa maji, uzito unashuka hadi kama theluthi moja, na mafuta mengi yanabaki. Adui mkubwa wa karafuu ni unyevu. Zikilala mbichi ndani ya gunia, au zikinyeshewa na mvua za vuli zisianuliwe, hupata joto, huchacha, kisha hupauka na kujikunja. Kuzirudisha juani baadaye kutazikausha, lakini harufu iliyopotea hairudi. Ukitaka kuipima karafuu kavu, ibonyeze kwa ukucha: iliyo njema hutoa mafuta. Au itie majini. Iliyojaa huzama au husimama wima. Iliyokwisha mafuta hulala juu.

Mrehani haustahimili hayo. Mafuta yake mepesi yako juu ya jani, na jua la mchana huyachukua pamoja na maji. Uanike kivulini, kwa tabaka jembamba, penye upepo, joto lisizidi nyuzi 40. Jani likivunjika kwa mlio, limekauka.

Langilangi la Komoro, ua la manukato, halianikwi kabisa. Huchumwa alfajiri au asubuhi mapema, ua likiwa manjano na lina doa jekundu katikati, na hupelekwa kwenye mtambo wa mvuke siku hiyohiyo. Maua yaliyobanwa kwenye kikapu huwa meusi na kuchacha, na mafuta yake hunuka vibaya.

Hata baada ya kukauka, kiungo bado kinaweza kupoteza mafuta yake jikoni. Kusaga hupasua vijifuko vyote kwa mara moja, ndiyo maana karafuu ya unga hufifia ndani ya miezi michache ilhali nzima, ndani ya chombo kilichofungwa vizuri mbali na mwanga, hukaa zaidi ya mwaka. Nunua nzima, usage kiasi cha kupikia siku hiyo.