Bastola chini ya kiti

Majambazi wakipita usiku mtaani, kesho yake pale tunapooshea magari hapa Lubumbashi hakuna habari nyingine. Lazima mmoja aseme: "Ningekuwa na bastola ndani ya motoka, wangenijua!" Siku hizi maneno yamezidi, kwa sababu binamu yangu anayeishi Texas alitutumia video ya bastola yake ikiwa pembeni mwa kiti cha dereva. Basi mtaa mzima umekuwa wa wanasheria.

Wanasema Marekani kila mtu anabeba tu. Kwa binamu yangu ni kweli: Texas iliruhusu kuficha bastola ndani ya gari lako bila kibali tangu 2007, na tangu Septemba 2021 hata ukitembea kwa miguu, mradi umetimiza miaka 21 na sheria haikukatazi kumiliki silaha. Lakini majimbo yako 50, na kila moja lina lake. Akifika California, ambayo haitambui vibali vya majimbo mengine, bastola ile ile inaweza kumtia ndani. Sheria ya taifa ya 1986 inamkinga msafiri anayepita njia, kwa sharti kwamba silaha haina risasi na imewekwa mahali asipoweza kuifikia akiwa ameketi. Iliyo kwenye buti bila risasi si ile ya kwenye video.

Wapo wanaoona karatasi ya kibali ndiyo ngao. Philando Castile, dereva mmoja wa Marekani, alikuwa na karatasi. Tarehe 6 Julai 2016, huko Minnesota, polisi alimsimamisha, naye akamwambia kwa adabu kwamba ana silaha. Polisi akasema asiitoe. Castile akajibu kwamba haitoi. Papo hapo polisi akafyatua risasi saba, akamuua Castile, mpenzi wake ameketi kando, mtoto wa miaka minne wa mpenzi huyo nyuma. Polisi alishtakiwa, na 2017 akaonekana hana hatia. Nikikumbuka hayo, kisha nikawaza kizuizi chetu cha usiku, tochi usoni, askari ana usingizi na kalashi begani, hamu yote inaniisha.

Halafu kuna hili la kwetu: "Nunua kwa askari, karatasi itafuata." Wapi! Silaha nchini Kongo zinatawaliwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, na ruhusa hutoka serikalini, haitoki kwa muuzaji. Bastola iliyochomoka jeshini ni silaha ya vita. Raia akikutwa nayo anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi, hata kama hajawahi kuvaa gwanda. Ukivuka nayo Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa, umeshaingiza silaha Zambia kwa magendo. Pale hata upande wa barabara unabadilika, sembuse sheria.

Na mlango wa gari haukingi kitu. Ni bati. Risasi ya bastola hulipenya. Kinachoweza kuizuia ni chuma cha injini, na wewe hukai kwenye injini.

Baba mdogo hakukubali hata moja. "Mimi nitawawahi," akasema. Nikamwomba tujaribu. Akachomeka rimoti ya televisheni kiunoni upande wa kulia, akashusha shati juu yake, akaingia garini, akafunga mkanda. Usukani uko kushoto, kwa hiyo kifungo cha mkanda kilimkalia palepale juu ya rimoti. Nikasimama hatua kumi nyuma ya gari.

"Baba mdogo, uko tayari?"

"Njoo!"

Nilitembea, sikukimbia. Nilifika dirishani nikagonga mara tatu, yeye bado anavutana na shati na mkanda. Rimoti ilipochomoka ilimponyoka, ikateleza hadi chini ya pedali ya breki. Tuliitafuta kwa tochi ya simu.