Digrii ya Pili ya Kilimo Visiwani: Yanayosemwa Barazani na Mambo Yalivyo

Kijana wa Wete au Makunduchi akisema anakwenda kusomea udaktari wa hospitali, nyumba nzima hufurahi. Akisema anataka digrii ya pili ya kilimo, ya misitu au ya uvuvi, watu hutazamana. Ataambiwa kuwa huko huenda waliokosa nafasi kwengine, kuwa jembe halihitaji chuo kikuu, kuwa Visiwani hakuna pa kusomea na kuwa fedha hazipo. Maneno haya yamewarudisha nyuma vijana wenye vichwa vizuri, na mengi si ya kweli. Kwa maoni yangu mzizi wake ni mmoja: tunaiona digrii ya pili kama cheti cha kutafutia kazi, wakati kiini chake ni swali moja ambalo mtu anakubali kulifuata mpaka alipatie jibu lenye ushahidi.

"Kilimo tumekirithi kwa wazee, chuo kikuu kitaongeza nini?"

Tumekirithi, ni kweli. Mkulima wa Unguja hahitaji mtu wa kumfundisha tofauti ya kichanga na kinongo, wala wa kumwambia kuwa kwenye kinamo hustawi mpunga na kwenye maweni lazima atafute vifuko vya udongo baina ya mawe. Uzamili, yaani hiyo digrii ya pili, haufundishi kulima. Unamfundisha mtu kujibu yale ambayo jicho peke yake haliyafikii.

Chukua mihogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia una tabia ya kuhadaa: shina limesimama, majani ya kijani, mwenye konde anangoja mavuno, na akichimba anakuta mizizi imeoza ndani. Virusi vyake hubebwa na nzi weupe, lakini pia husafiri ndani ya vipando. Jirani anapompa jirani mwenziwe mzigo wa vipando kwa wema kabisa, huenda anampa na maradhi. Hakuna mzee ambaye angeweza kukiona kirusi hicho, hata awe na uzoefu wa miaka hamsini. Mwaka 2007 zilitolewa Zanzibar mbegu nne za mihogo zinazovumilia michirizi ya kahawia na batobato: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Majina ni ya sehemu zetu za Unguja, kila mtu anazijua. Nyuma ya majina hayo kuna miaka ya kuchanganya mbegu, kupanda, kuchimba, kupima na kutupa zisizofaa, kazi ya watu waliosomea uzalishaji wa mbegu, maradhi ya mimea na takwimu.

Au chukua mbung'o. Wenye ng'ombe wa Unguja walihangaishwa kwa miaka mingi na nagana, maradhi ya mifugo yanayoenezwa na mbung'o, na dawa na mitego vilipunguza tu. Jibu lilitoka kwenye maisha ya mdudu mwenyewe: jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa buu mmoja mmoja. Akipandwa na dume tasa, hazai tena. Kwa hiyo mbung'o wakafugwa Tanga, madume wakahasiwa kwa mionzi, na kuanzia 1994 wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, jumla yao wakifika kiasi cha milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o. Aliyeuliza "jike hupandwa mara ngapi?" aliuliza swali ambalo barazani lingechekwa.

Mfano wa tatu naupenda zaidi, kwa sababu unamgusa mwenye minazi moja kwa moja. Karibu na msitu wa Jozani watu humwona kima punju juu ya mnazi akitafuna vidaka, na hesabu yao ni ya wazi: kidaka kilicholiwa ni nazi iliyopotea. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walikaa chini ya minazi wakahesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa. Matokeo waliyoyachapisha 1999 yalikwenda kinyume na ilivyodhaniwa. Pale palipoliwa vidaka vingi, mavuno hayakupungua, bali yaliongezeka. Mnazi hutoa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea mpaka vikawa vitale na madafu, na vingi huanguka vyenyewe. Waliona yawezekana kima anaupunguzia mti mzigo, kama mkulima anayepogoa. Utafiti ule ulihusu nazi, kwa hiyo mwenye kunde au maharage aliyeliwa konde lake bado ana haki ya kulalamika. Lakini kwa nazi, jicho liliona nusu tu ya jambo, na nusu ya pili ilitaka mtu wa kukaa na kuhesabu kwa misimu.

"Basi msomi ndiye anayejua, mkulima asikilize"

Hii ni dhana ya wanafunzi wenyewe, na naiona ina madhara kuliko ile ya kwanza, kwa sababu huharibu utafiti kabla haujaanza. Itazame hadithi ya mwani.

Kilimo cha mwani wa biashara kilishika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa mbele, kisha kikaenea mpaka Pemba. Wakulima wengi ni wanawake. Aina ni mbili: spinosamu, ambao ni mvumilivu lakini bei yake ni ya chini, na kotoni, wenye bei nzuri na mwili dhaifu. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, kotoni ulianza kufa. Kabla kipimajoto hakijawekwa popote, wanawake walikuwa wakiuona mwani ukigeuka mweupe, ukilainika na kukatika, na walijua ni miezi gani na ni upande gani wa ufuo. Mtafiti anayewapita watu hawa na kwenda zake na vyombo vyake amejinyima nusu ya taarifa.

Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alifanya kazi na wakulima hao kwa miaka mingi, tangu kupima hali ya mwani, kutengeneza sabuni na bidhaa nyengine, mpaka kujaribu nyavu za mirija zinazouwezesha mwani kukaa kwenye kina kirefu ambako maji ni baridi zaidi. Kwa upande wa baolojia, kina kirefu ni jibu zuri. Lakini kina kirefu kinataka chombo na kinataka kuogelea, na wakulima wengi wa mwani hawakuwa na chombo wala hawakufundishwa kuogelea. Hapo swali la mwani likageuka kuwa swali la nani ana ngalawa, nani anaruhusiwa kwenda nayo, na faida inaingia mkononi mwa nani. Anayesomea uchumi wa kilimo, ugani au maendeleo ya vijiji ana nafasi yake hapo sawasawa na mwenye maabara. Wanaodhani maliasili ni miti na samaki tu wawaulize wakulima wa Paje.

"Hapa Visiwani hakuna pa kusomea"

Kizimbani pana taasisi ya utafiti wa kilimo na pana skuli ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko Unguja tangu 1978, siku hizi ina majengo Buyu, na wanafunzi wa uzamili na uzamivu husomea humo. Kuna pia taasisi ya Serikali ya utafiti wa uvuvi. Anayetaka mambo ambayo hapa hayasomeshwi kwa ngazi hiyo anaweza kujiandikisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, akasoma masomo ya darasani kule na kurudi kufanya utafiti wake Micheweni, Pemba. Chuo kiko kimoja, konde liko pengine, na utaratibu huo ni wa kawaida kabisa.

Linaloniuma ni kuona watu kutoka Ulaya na Marekani wakivuka bahari kuja kusomea shahada zao Jozani, Ngezi na Misali, wakati kijana aliyezaliwa maili tatu kutoka hapo anaamini sayansi iko huko Ulaya na Marekani.

Jambo moja la kuzingatia: elimu ya juu ni jambo la Muungano, kilimo si la Muungano. Wizara ya kilimo ni ya hapa, na utafiti unaofanywa hapa unahitaji kibali cha Serikali ya Mapinduzi hata kama chuo chako ni cha Bara. Baada ya kibali kuna wilaya, na baada ya wilaya kuna sheha, kiongozi wa shehia. Anza mapema.

"Ni miaka miwili tu"

Kwenye prospektasi, ndiyo. Mwaka wa masomo, mwaka wa utafiti na tasnifu. Lakini mmea hausomi prospektasi. Mwenye swali la mpunga wa kutegemea mvua lazima awe bondeni kabla ya masika kukolea, yaani Machi. Pendekezo lake la utafiti likipitishwa mwishoni mwa Aprili, amechelewa, na masika nyengine ni ya mwakani. Wanafunzi wengi wanaoambiwa ni wavivu kumbe waliukosa msimu kwa wiki chache tu, kwa sababu ya saini moja iliyokaa mezani kwa mtu.

Karafuu ni ngumu zaidi. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka mmoja Pemba nzima hunuka karafuu na majamvi hayatoshi, mwaka unaofuata wachumaji hawana kazi. Anayepanga kupima mavuno kwa msimu mmoja anaweza kuangukia mwaka usio na mavuno, na tasnifu yake ikaeleza mwaka huo tu wala isiueleze mkarafuu. Mkarafuu mpya nao huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Aliyeshauriwa vizuri hubadili swali. Atapima kitu kinachoonekana ndani ya muda wake, kama miche kwenye vitalu, udongo chini ya mikarafuu mikongwe au ubora wa karafuu zilizoanikwa juu ya jamvi na zilizoanikwa juu ya lami. Au atategemea kumbukumbu za zamani. Kwa kuwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, ndilo pekee linaloruhusiwa kununua karafuu, ununuzi wa miaka mingi umepita mlango mmoja, na hiyo ni bahati ambayo watafiti wa mazao mengine hawana.

Uzamivu huchukua miaka mitatu au minne, mara nyingi zaidi.

"Ni kwa wenye fedha"

Nakubali kuwa ada ni nzito kwa familia ya mvuvi au mkulima. Lakini wengi wanaosoma sayansi ya kilimo kwa ngazi hii hawajilipii. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar hukopesha pia wanafunzi wa uzamili na uzamivu. RUFORUM, umoja wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao yake Makerere, ambao Sokoine ni mwanachama wake wa tangu mwanzo, umekuwa ukitoa ruzuku za utafiti kwa wahadhiri, na ndani ya kila ruzuku ya aina hiyo huwekwa nafasi za wanafunzi wawili wa uzamili. Kwa vyuo vya Marekani vyenye asili ya kilimo, profesa mwenye mradi humwajiri mwanafunzi kuwa msaidizi wa utafiti: chuo humsamehe ada na mradi humpa posho.

Tazama njia hizi mbili za mwisho zinavyofanana. Fedha zimeshikwa na mwenye utafiti, kwa hiyo mlango ni barua kwake. Na hapa ndipo vijana wetu wanapoanguka. Barua ya kawaida husema, "Mimi ni kijana kutoka familia ya hali ya chini, naomba ufadhili wa kusoma kozi yoyote." Profesa hana la kuijibu. Barua inayosomwa mpaka mwisho husema hivi: nimesoma makala yako kuhusu ukame wa mpunga, kwetu, mabonde yaliyo karibu na bahari yanaingiwa na maji ya chumvi na wakulima wanayaacha, nimeyatembelea, nimeona hivi na vile, nataka kujua ni mbegu zipi zinazoweza kuvumilia, je, una nafasi ya mwanafunzi? Ni aya mbili, hazina kilio, na zina swali.

Kuhusu alama, vyuo vingi vya Tanzania vinataka GPA (wastani wa alama za digrii ya kwanza) isiyopungua 2.7 kwa uzamili. Aliye chini ya hapo aulize kuhusu stashahada ya uzamili na uzoefu wa kazi kabla ya kukata tamaa. Na kuhusu ajira, wizara si mwajiri pekee: kuna miradi ya uhifadhi, makampuni ya mwani na viungo, mahoteli yanayonunua mboga kwa tani na benki zinazokopesha wakulima.

"Tasnifu ikipita, kazi imekwisha"

Kwa chuo, imekwisha. Kwa waliokupa muda wao, haijaanza. Tasnifu zetu karibu zote huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktaba ya mbali, na mtu wa Kojani aliyejibu maswali hamsini na mbili ya dodoso hajui mpaka leo yalitumika kwa nini. Ndiyo maana wanakijiji wengine wakimwona mwanafunzi na karatasi zake huingia ndani.

Kisiwa Panza, Pemba, kamati za wavuvi hufunga miamba ya pweza kwa miezi, kisha huifungua kwa siku maalumu. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo tofauti huonekana kwenye mizani siku ya kufungua, mbele ya kila mtu. Wavuvi wenyewe ndio wanaolinda na ndio wanaopima. Mwanafunzi anayekwenda mahali kama hapo apange na kamati tangu mwanzo nini kipimwe na nani aandike, aweke fungu la fedha kwenye bajeti yake kwa ajili ya mkutano wa kurudisha matokeo, na aandike kurasa mbili za Kiswahili zitakazobaki kwa sheha. Wasimamizi wengi hawalidai hilo, kwa hiyo itabidi alidai mwenyewe.