Tangawisi, kabla ya kona za Ngomo

Anayeshuka Uvira kutoka Bukavu kwa njia ya Ngomo anazijua zile kona. Nyangezi bado mnacheka. Mkianza kuteremkia Kamanyola gari linanyamaza, na haichukui muda kabla mtu hajaomba mfuko. Safari moja aliyeomba mfuko nilikuwa mimi, mfamasia mzima, na kipande cha tangawisi kiko kwenye begi. Nilikitafuna kichefuchefu kikiwa kimeshanikamata. Hakikusaidia kitu, na wenzangu bado wananicheka.

Nilichelewa. Tangawisi (tangawizi ya vitabuni) inatakiwa itangulie safari kwa nusu saa hivi. Mwaka 1982 watafiti Mowrey na Clayson waliwakalisha wanafunzi 36 kwenye kiti kinachozunguka. Waliokuwa wamemeza miligramu 940 za unga wake walivumilia kuliko waliopewa dimenhidrinati, dawa ya kawaida ya safari. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana nao yote, kwa hiyo simwahidi msafiri yeyote.

Hapa Bukavu tangawisi inasifiwa kwa kikohozi na, wanaume wakishusha sauti, kwa nguvu za chumbani. Hilo la pili wateja wangu wamelizungumza mpaka nimechoka. Kazi yake iliyothibitika zaidi iko tumboni. Ukali wake, gingeroli na shogaoli, unaziba kwenye utumbo baadhi ya vipokezi vya serotonini, kemikali ya mwili inayoamsha kutapika; ndivyo hivyo hivyo vinavyozibwa na ondansetroni tunayowapa wanaotapishwa na dawa za saratani. Tena inalisukuma tumbo limalize kushusha chakula utumboni mapema. Ndiyo maana aliyekula bugali wa muhogo usiku, akalala tumbo limekaza kama ngoma, anapata nafuu kwa kikombe kimoja.

Akina mama wenye mimba changa wanaosumbuliwa na kichefuchefu ndio ninaowaambia kwa uhakika zaidi: gramu moja ya unga kwa siku, yaani nusu kijiko cha chai, igawanywe mara tatu au nne, na muuguzi wa kliniki aambiwe. Ila anayetapika hata maji, huyo aende hospitali, asingoje chai.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni maumivu ya hedhi. Kuna msichana, mwanafunzi, alikuwa akija kila mwezi kununua ibuprofeni, mkono mmoja kwenye kitovu. Siku moja akaniambia, "Docta, hii dawa inanichoma tumbo." Nikamwonyesha unga wa tangawisi. Utafiti wa Iran uliochapishwa 2009, wenye wanafunzi wa kike 150, uliwapa wengine miligramu 250 mara nne kwa siku, kwa siku tatu tangu hedhi ianze. Nafuu yao ililingana na ya waliomeza ibuprofeni au asidi ya mefenamiki, dawa nyingine ya maumivu. Hapakuwa na kundi la waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, na hiyo naihesabu kama kasoro. Msichana yule siku hizi anakuja kununua sabuni tu.

Mbichi na kavu si kitu kimoja. Ikikauka, gingeroli inapoteza maji na kugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kijapani la tangawisi, shoga. (Wasomaji wa pwani, msicheke.) Ukinunua mbichi sokoni Kadutu, ivunje kidole kimoja. Ikilia "tap" na kuacha nyuzi fupi zenye maji, chukua. Ikipinda kama mpira, mrudishie mama.

Anayemeza warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe kwenye nyongo, aulize daktari kwanza. Mwenye kiungulia aipunguze, maana kwa baadhi ya watu inakiamsha.

Juzi mama mmoja aliniletea chupa ya juisi ya tangawisi ya kuuza, akauliza kama na hiyo ni dawa. Niliiinua kwenye mwanga. Tangawisi iliyotwangwa na kukamuliwa vizuri kwa kitambaa huacha wanga mweupe ukituama chini ya chupa. Ile yake ilikuwa angavu mpaka kitako. Nikaonja: sukari, ndimu, na mwasho kidogo mwishoni.

"Mama, hii ni ya kiu," nikamwambia. Akacheka, akafungua kizibo, akainywa palepale kaunta.